Zile nukta nyeupe za korodani

Asalaam aleikum ndugu zangu, habari za jioni. Hapa Mombasa tutazungumza presha na sukari mpaka usiku lakini ukitaja korodani baraza lote lanyamaza, basi leo niacheni mimi nitaje.

Juzi alinijia kijana wa Kisauni na ripoti mkononi, karatasi imelowa jasho. Alipigwa na mpira uwanjani, akaenda altrasaundi, jeraha hakuna ila wakaandika ana maikrolithiasi, usiku akaingia intaneti akakutana na neno kansa, siku tatu hakulala na mkewe hajamwambia kitu.

Sasa sikizeni. Ndani ya korodani mna vijifereji, ndimo mbegu zatengenezwa, na humo huganda chembe za chokaa ndogo mno, haziumi na kwa mkono huzipati. Kwenye skrini zaonekana kama chumvi iliyomwagika kwenye sinia. Zikifika 5 kwenye picha moja ndio jina hilo laandikwa.

Hofu imetoka wapi? Wenye kansa ya korodani wakipigwa picha, nukta hizi huonekana mara nyingi. Lakini anza na wazima uone. Marekani waliwapima vijana 1,504 wa jeshi, miaka 18 mpaka 35, hawana tatizo lolote, asilimia 5.6 wakakutwa nazo, na weusi karibu asilimia 14, ilhali kansa hii huko huwapata wazungu zaidi kuliko weusi! Wakawafuatilia 63 kati ya wale wenye nukta, baada ya miaka 5 aliyepata kansa ni mmoja tu.

Kwa hivyo mimi sitazami nukta peke yake, namtazama mwenye nazo. Nikamuuliza yule kijana, ulipozaliwa zote mbili zilikuwa zimeshuka? Hajui. Akampigia mamake palepale, mama akasema moja ilikataa kushuka ukafanyiwa opresheni ukiwa mdogo. Haya, huyo ni wa kupigwa picha kila mwaka mpaka afike miaka 55, sawa na ambaye korodani yake imesinyaa, au babake ama nduguye aliugua, au yeye mwenyewe aliwahi kuugua. Kama huna hata moja katika hayo, picha za kila mwaka za nini, wasumbua mfuko bure.

Ila kujishika ni kwa kila mtu jamani, mara moja kwa mwezi, ukitoka kuoga maji moto ngozi imelegea. Izungushe polepole kwa vidole, iwe laini kama yai lililomenywa, ule uzi wa nyuma usikutishe ni wako wa kuzaliwa nao. Ukigusa kitu kigumu kama gololi, hata hakiumi, nenda wiki hiyohiyo, usingoje Idi ipite.

Yule kijana alirudi jana kuuliza tarehe ya mwakani, na mkewe alikuwa naye.