Hati Safi, Kishikwambi na Dagaa wa Mama Mdogo

Mwadila, ndugu zangu. Leo sipo Cardiff, kule Wales ninakofanya kazi. Nipo nyumbani, Igombe, Mwanza, pembeni kabisa ya Ziwa Victoria, na hawa mnaowaona hapa chini ni dagaa wa mama mdogo. Wameanikwa tangu alfajiri. Upande huu wameshaanza kukauka na kung'aa, upande ule bado wabichi kwa sababu kivuli cha mwembe kinachelewa kuhama. Nimepewa kazi ya kuwageuza, kwa hiyo simu nimeiegemeza kwenye ndoo, nitakuwa nainama huku naongea. Mnivumilie.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne nilimsindikiza mama mdogo steshenari, kule Kirumba. Kuna mfumo wa ofisi moja ya umma, sitaitaja, ambao wafanyabiashara wadogo wanatakiwa wajisajili, na kila kitu ni mtandaoni. Mama mdogo ana simu ya batani, hivyo anaenda kwa kijana wa steshenari, anatoa elfu tatu, kijana anamjazia. Ilikuwa mara yake ya nne. Mara tatu zote aliambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho. Safari hii nikasogea mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Kulikuwa na mstari mmoja wa maandishi mekundu, ya Kiingereza, unaosema jina lililojazwa halilingani na lile la NIDA, yaani la kitambulisho cha taifa. Basi, ndiyo hilo tu. Jina la baba yake ni la Kisukuma, linaanza na ng' yenye kale kaalama ka juu, na kijana siku zote alikuwa anaandika ng kavu. Tukaweka kaalama, ikapita hapo hapo.

Elfu kumi na mbili na nauli ya daladala mara nne, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kaalama kamoja.

Halafu nikaona kaunta buku la yule kijana. Majina ya wateja, namba zao za NIDA, maneno yao ya siri, ukurasa baada ya ukurasa, limelala wazi mezani karibu na mashine ya fotokopi. Kijana hana ubaya. Mpole, ana subira na wazee, na bila yeye akina mama wengi wa mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, wasingekuwa wamesajiliwa popote. Lakini jamani, siri za watu wazima zinatunzwa kwenye kaunta buku kwa sababu mfumo uliojengwa kwa kodi zao umeshindwa kuwaambia kwa Kiswahili: mama, jina halifanani, angalia herufi za mwanzo.

Niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma kuliko zamani. Wales ninakoishi ni nchi ndogo iliyo sehemu ya Uingereza. Watu wake ni milioni 3 na kidogo, wachache kuliko mkoa wetu wa Mwanza, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu karibu milioni 3.7. Wana lugha yao, Kiwelisi. Kwa sensa yao ya 2021, wanaoizungumza ni kama 538,000 tu, hawafiki hata mtu mmoja kati ya watano, na karibu wote Kiingereza wanakijua vizuri. Pamoja na hayo, tangu sheria ya 2011 lugha hiyo inatambuliwa rasmi. Barabarani, penye kona kali, wameandika chini kwa herufi kubwa ARAF, yaani pole pole. Kompyuta wanaiita cyfrifiadur, neno linalotokana na kuhesabu. Barua ya hospitali inakuja kwa lugha mbili. Kila mwaka napata bili ya kodi ya halmashauri, nayo kwa lugha mbili, inaonyesha kwenye pesa yangu halmashauri inachukua kiasi gani na polisi kiasi gani. Mtu wa Cardiff anailalamikia halmashauri yake kama sisi tu, tena sana. Ila analalamika akiwa na karatasi mkononi.

Pale kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, kuna bibi mmoja aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Kiingereza ndicho kilichomtoka kwanza. Nikimuuliza kama anataka chai ananitazama tu, au anageuzia uso ukutani. Mwenzangu mmoja wa kule kule akaniambia, mwambie "paned", yaani kikombe cha chai kwa Kiwelisi. Nikamwambia "paned". Alinyoosha mikono yote miwili kupokea kikombe. Siku hiyo nilirudi kwangu nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye dirishani kwenye zahanati alikuwa anajibu "ndiyo" kwa kila swali la Kiswahili, kwa sababu Kisukuma ndicho alichokuwa nacho na aliona haya kukisema mbele ya watu waliovaa makoti meupe.

Sasa najua mtakachoandika hapo chini. Mtasema Tanzania tuna lugha zaidi ya mia moja, tukianza kutafsiri kila barua tutafilisika. Kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, naelewa, ingawa moyo unauma. Lakini Kiswahili? Kiswahili chenye wazungumzaji zaidi ya milioni 200, ambacho UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai? Mwaka 2021 tumebadili hata sheria ili kiwe lugha ya mahakama. Kinashindwaje kuingia kwenye mstari mmoja mwekundu wa kompyuta?

Na msiniambie maneno hayapo. Chukueni kishikwambi, yaani tableti, kile kifaa kama simu kubwa. Neno hilo lilipotoka, watu walilicheka, mimi nakumbuka. Kisha ukaja Agosti 2022, karani wa sensa akaingia uani na kifaa mkononi, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuuliza mpo wangapi. Baada ya sensa vifaa vikaenda kwa walimu. Leo mama mdogo anasema kishikwambi bila kujikwaa ulimi, wala hajawahi kumiliki. Alikiona kwake, akajua kimenunuliwa na serikali, na siku mwalimu wa jirani alipohama aliuliza: kile kishikwambi amekiacha shuleni? Hilo ndilo swali ninalolitaka! Mtu hawezi kuuliza kilipo kitu asichojua kukitaja.

Ndugu zetu wa Kenya wao wana tarakilishi na rununu, sisi kompyuta na simu ya mkononi. Akili mnemba, yaani AI, wengine wanaiita akili bandia, wengine akili unde. Mie sina ugomvi na lolote kati ya hayo, yatachujana yenyewe. Nimeijaribu hiyo akili mnemba kwenye simu yangu, Kiswahili inajibu vizuri, Kisukuma ikachanganya na lugha nyingine. Inajifunza kwenye maandishi, na sisi Kisukuma chetu tunakiongea tu bila kukiandika. Vijana, andikeni hata hadithi za bibi.

Kuna maneno ya Kiswahili yananisumbua zaidi kuliko Kiingereza chote, na hapa nisikilizeni vizuri. Hati safi.

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti ya ukaguzi, na Aprili inafika bungeni. Halafu mnasikia: halmashauri yetu imepata hati safi. Watu wanashangilia. Nilimuuliza mama mdogo anaelewaje, akasema maana yake hakuna aliyeiba. Hapana. Hati safi inahusu hesabu: zimeandaliwa kwa kufuata taratibu, na zinaonyesha hali ya fedha ilivyo. Mkinunua madawati kwa bei mara mbili ya sokoni, stakabadhi zikawepo na vitabu vikaandikwa sawasawa, hati safi mnaweza kuipata. Hasara yenyewe inajadiliwa mbele huko, kwenye hoja za ukaguzi, kurasa ambazo hazisomwi kwenye vipaza sauti. Mama mdogo akanyamaza kidogo, akasema, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, "kumbe kilicho safi ni daftari?"

Mama huyu huyu ukimwuliza mikopo ya halmashauri atakujibu akiwa usingizini: nne, nne, mbili. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilipositishwa 2023 alijua, iliporudishwa alijua, kwa sababu jambo lilielezwa kwa namba za vidole na kwa lugha ya nyumbani. Elimu yake ni ya darasa la saba. Kwa hiyo wanaosema wananchi hawaelewi bajeti, mimi siwakubalii.

Daraja nalo ni hivyo. Jumapili nilivuka kwenda Sengerema, Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 19 Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji. Kondakta, abiria, mtoto wa shule, wote wanajua liligharimu zaidi ya bilioni 700. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Nimewahi kukaa pale Kigongo usiku na shangazi anaumwa, tunasubiri kivuko, taa zake ziko upande wa pili na hazisogei. Asiyewahi kungoja hivyo asinihesabie bilioni. Ila waliokuwa wanauza mayai na karanga kwenye ile foleni, mabasi sasa yanapita juu bila kusimama. Wangetafutiwa mahali pa kuuzia, nadhani ni haki yao.

Lakini hiyo ni miradi mikubwa, inatangazwa redioni. Hii midogo je? Hapa juu, njia ya kutokea mwaloni, kuna kibao cha mradi wa barabara, chote Kiingereza. Kimesimama pale, mbuzi wanakuna migongo kwenye nguzo yake. Jana jioni nilikwenda na mdogo wangu aliyeko kidato cha pili, tukakisoma mstari kwa mstari, yeye anaandika kwenye karatasi ya daftari: mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Tulimsomea mama mdogo akiwa anachambua mchele. Alisikiliza majina yote bila kuinua kichwa, mpaka tulipofika tarehe ya kumaliza. Akauliza, "Si ilishapita?" Ilishapita, miezi saba.

Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Karatasi ameikunja, ameifunga kwenye pindo la khanga, anasema ataisimamia mwenyewe, mie nikae nyuma maana mimi ni mgeni. Nanyi mlio na kibao karibu yenu, kipigeni picha mnitumie, tutatafsiri pamoja hapa hapa.

Naitwa. Wingu linakuja kutoka upande wa Ukerewe, na hawa wa chini ya mwembe bado wabichi, lazima tuwaingize. Wabeja, ndugu zangu. Wabeja sana.