Modemu Ikichomolewa, Nani Bado Ameishika?

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja licha ya mvua na msongamano wa Thika Road.

Modemu hii ya USB mnaijua. Naichomeka, taa inawaka. Naichomoa. Kwenu mambo yameisha, lakini ndani ya kiini (kernel) cha mfumo endeshi wa Linux, kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ndiyo kwanza yanaanza. Kichakataji kimoja kinaondoa kifaa, kisha kinaita kfree kurudisha kumbukumbu. Cha pili, wakati uo huo, kingali kinaendesha kazi iliyokuwa foleni, na kazi hiyo inaandika kwenye anwani ileile. Ni kama kibandani Gikomba: mhudumu anaondoa sahani ukiwa bado unatafuna, anampakulia mwingine, nawe unarudisha mkono bila kutazama. Umemega ugali wa mwenzako. Tofauti ni kwamba hapa hakuna wa kupiga kelele. Mashine inaanguka dakika kumi baadaye, mahali pasipohusika kabisa.

Mara ya kwanza kukutana na hitilafu hii, mimi niliongeza msleep, yaani kulala kidogo kabla ya kufuta, ya milisekunde 100. Ikatulia wiki mbili! Msicheke, wengine wenu mmefanya hivyo. Hitilafu iliporudi nikaweka kufuli, la kuruhusu mmoja tu aguse kwa zamu, tena ndani ya muundo uleule wa data unaofutwa. Kufuli la nyumba inayobomolewa linamlinda nani?

Kinachoponya ni mpangilio wa kufunga. Zuia kazi mpya, kisha uite cancel_work_sync, inayoghairi kazi iliyo foleni na kungojea inayoendelea, ndipo ufute. Ila usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo inalingoja. Mtangojeana mpaka kiama. Pagumu zaidi ni pale kipima muda kinapoamsha kazi, na kazi nayo inakitega upya. Ukizima hiki, kile kinakifufua. Ndiyo maana Linux 6.2, mwaka 2023, ilikuja na timer_shutdown_sync: kikishazimwa hivyo, anayejaribu kukitega anapuuzwa tu. Na ikiwa programu bado imefungua faili ya kifaa, hesabu washikaji kwa kref, kihesabu cha wanaotumia kitu. Wa mwisho kuachia ndiye afute.

Naona mkono kule nyuma. Rust, ile lugha ya programu inayolinda kumbukumbu? Imo ndani ya Linux tangu toleo la 6.1, Desemba 2022, na itawaokoa kwa mengi, lakini kungojeana haikuzuii. Halafu draiva tulizo nazo, nyingi zimeandikwa kwa lugha ya C.

Haya, nani amewasha KASAN, kinasa makosa ya kumbukumbu cha kiini, kwenye laptopu yake? Njoo hapa mbele, uchomeke na kuchomoa modemu hii mpaka itutajie aliyefuta na aliyegusa.