Simon Kuznets na mpaka wa pato la taifa

Mabibi na mabwana, nianze na Washington, mwaka 1932. Uchumi wa Marekani umeshuka mwaka wa tatu mfululizo na Baraza la Seneti linauliza umeshuka kiasi gani. Zilikuwepo takwimu za mabehewa ya mizigo, tani za chuma na bei za hisa, lakini serikali haikuwa na jumla ya pato la nchi ya kuaminika. Juni mwaka huo Seneti ikaitaka Wizara ya Biashara ifanye hesabu hiyo, na wizara ikamwazima mtafiti Simon Kuznets. Alizaliwa Pinsk, mji ulio Belarus ya leo, mwaka 1901, akafika Marekani 1922, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia 1926. Taarifa yake ilifika Seneti Januari 1934.

Hesabu yenyewe huanza na kuepuka kuhesabu kitu mara mbili. Mkulima anauza mahindi ya shilingi 1,000, mwenye mashine anauza unga wake kwa 1,600, mama ntilie anauza ugali kwa 2,500. Ukijumlisha mauzo unapata 5,100, na yale mahindi umeyahesabu mara tatu. Chukua alichoongeza kila mmoja: 1,000, kisha 600, kisha 900. Jumla ni 2,500, sawa na bei ya ugali, na ndizo fedha zilizogawanyika kuwa mishahara, riba, kodi ya pango na faida.

Kuznets aliingilia zaidi upande wa mapato, sekta kwa sekta: idadi ya wafanyakazi mara wastani wa mshahara, kisha riba, gawio, pango, na mapato ya wanaojiajiri. Kinachotesa ni miaka iliyo kati ya sensa moja na nyingine. Hapo unatafuta takwimu nyingine inayotembea pamoja na unayoitaka, uitumie kuvukia. Takwimu hiyo ikiacha njia, kosa linakua kimyakimya hadi sensa ijayo, na siku hiyo ndipo mnaona mruko ambao haukutokea kwenye uchumi.

Taarifa ya 1934 ilitenganisha mambo mawili: pato lililozalishwa na pato lililolipwa. Kati ya 1929 na 1932 pato lililolipwa lilishuka kwa takribani asilimia 40, lakini lililozalishwa lilishuka kwa zaidi ya nusu. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Kampuni ziliendelea kulipa gawio, riba na mishahara huku zikipata hasara, zikila akiba zilizojiwekea. Anayetazama malipo peke yake angeuona mdororo kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Mtego mwingine uko ghalani: bei zikiporomoka, kampuni inaandika hasara kwenye bidhaa zilizolala stoo, wakati uzalishaji haukupungua kwa kiasi hicho. Hasara ya namna hiyo huondolewa kwanza, ndipo ujumlishe. Taarifa hiyohiyo ilionya kwamba ustawi wa taifa hausomeki moja kwa moja kwenye jumla ya pato. Wanaomlaumu Kuznets kwa kuabudu tarakimu hii wanamwonea.

Sasa suala la mpaka, yaani kipi kihesabiwe na kipi kiachwe, ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yake. Kazi ya nyumbani isiyolipwa aliiacha nje akikiri ni kubwa, kwa sababu haina bei ya kushika. Lakini alitaka vingi zaidi vitoke: silaha, sehemu kubwa ya matangazo ya biashara, na shughuli nyingi za fedha na za kubahatisha bei. Hata matumizi ya serikali aliyagawa. Kinachomfikia mwananchi kama huduma kihesabiwe, kinacholinda tu mazingira ya kazi, kama polisi, kichukuliwe kuwa gharama. Kitengo cha pato la taifa cha Wizara ya Biashara, chini ya mchumi Milton Gilbert, kikaamua vinginevyo: kila ununuzi wa bidhaa na huduma wa serikali unaingia. Wakati wa vita Kuznets alikubali silaha zihesabiwe, kwa kuwa lengo la taifa lilikuwa kusalimika, ila si wakati wa amani. Mfumo rasmi wa 1947 ukaenda na wizara. Kwa hiyo nchi ikinunua vifaru leo, Pato la Taifa linapanda, na uamuzi huo si wa Kuznets.

Mpaka huo ulifika Afrika mapema. Miaka ya 1940 mchumi Mwingereza Phyllis Deane alijaribu hesabu hizi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo, akaona kwamba ukiacha kazi za wanawake kama kuokota kuni umeacha sehemu ya uchumi wenyewe. Makadirio ya pato la Tanganyika ya 1952 hadi 1954, ya wachumi Peacock na Dosser, yalichapishwa 1958. Katika hesabu za aina hii swali gumu ni chakula anachokula mkulima mwenyewe. Ukikithamini kwa bei ya soko la mjini umempa mkulima nauli ya lori ambayo hakuna aliyeilipa. Ukitumia bei ya shambani wakati wa mavuno, unakishusha chini ya thamani yake miezi ya njaa.

Baadaye Kuznets aligeukia muda mrefu. Mwaka 1946 alitoa mfululizo wa pato la Marekani kuanzia 1869, kwa wastani wa miongo. Pato lilikua mara nyingi, ila sehemu inayowekwa akiba haikupanda kama nadharia ya mchumi Keynes ilivyodokeza, kwamba pato likikua watu huweka akiba sehemu kubwa zaidi. Kitendawili hicho ndicho wachumi Friedman na Modigliani walichokuja kukitegua, kila mmoja kwa njia yake.

Tuzo ya Nobel aliipata 1971 kwa kazi ya ukuaji, lakini wengi wanamkumbuka kwa mkunjo: pengo la kipato linapanuka viwanda vinapoanza, kisha linapungua. Msingi wake ni makala ya 1955, iliyotegemea mfululizo wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, pamoja na takwimu chache za India, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Puerto Rico. Mwenyewe aliandika kwamba ni asilimia 5 ushahidi na 95 dhana, nyingine huenda zimechanganyika na matamanio. Waliokuja baada yake walichora mkunjo kwa kulinganisha nchi tofauti katika mwaka mmoja, jambo ambalo haliwezi kuonyesha safari ya nchi moja. Mchumi Mfaransa Thomas Piketty aliporudia takwimu za kodi za Marekani alikuta ule ule mteremko aliouona Kuznets: fungu la pato linalokwenda kwa asilimia 10 ya watu wenye kipato cha juu zaidi lilishuka kutoka asilimia 45–50 hadi 30–35 kati ya 1913 na 1948. Akauhusisha na vita, mdororo na kodi kubwa kuliko ukomavu wa viwanda, na kuanzia miaka ya 1980 fungu hilo likapanda tena.