Mbona kila siku uko stesheni? Nawajibu kuhusu gari, kodi na treni za Barking

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Leo nimekuja kujibu tu. Kila nikiweka video, hata kama nimeongelea bei ya mchele, lazima atokee mtu aandike: "Miaka yote hiyo Ulaya bado unapanda treni? Gari liko wapi?" Nikijibu kwa kifupi naambiwa naringa. Nikijibu kwa kirefu naambiwa nalalamika maisha. Basi leo naongea yote, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaandika.

Stesheni hii hapa nyuma yangu ni Barking, mashariki ya London, kanda ya 4 ya nauli. Sina gari kwa sababu nakaa hapa, na nakaa hapa kwa sababu ya stesheni. Sijakosa gari, nimelikataa.

Tuanze na leseni. Leseni yetu ya Bongo inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uanze kuishi huku, basi. Baada ya hapo unaanza moja: leseni ya mwanafunzi pauni 34 ukiomba mtandaoni, mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 siku za kazi. Tarehe za mtihani wa barabarani zina foleni ya miezi, na ukifaulu nadharia halafu miaka 2 ikapita hujafaulu barabarani, ile nadharia imekufa, unalipa tena. Nimeendesha Dar kuanzia Gongo la Mboto mpaka Mbezi, asubuhi na jioni, mvua na jua. Kampuni ya bima niliyoipigia ikanipangia bei ya mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Niliwatajia uzoefu wangu, yule dada akanijibu kwa upole kabisa kwamba mfumo haupokei. Iliniuma, sitaki kuwaficha. Miaka ya jasho lako inafutwa kwenye simu ya dakika chache.

Ukipita hapo, kuna tozo ya hewa chafu. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 imeenea London nzima, na huku kwetu Barking ikafika. Gari lenye injini ya zamani linalipa pauni 12.50 kwa kila siku unayoliendesha, hata ukienda dukani tu. Na gari la bei tunayoiweza wengi wetu mara nyingi ndiyo hilo la zamani.

Sasa hii stesheni. Ilifunguliwa mwaka 1854, reli ya kutoka London kwenda Tilbury, kule kwenye bandari ya mto Thames. Kwa wanaopenda kulinganisha, reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Treni za District, yaani hizi za chini ya ardhi, zikafika hapa 1902 zikivutwa na mvuke, na umeme ukaja 1908. Watu wakahama kutoka mjini kuja kujenga huku, na mwaka 1932 wakaongeza njia nyingine mbili mpaka Upminster kwa sababu za zamani zimejaa. Naomba ndugu zangu wa Pugu na Chanika mliangalie hilo. Treni ya abiria ya ndani ya jiji la Dar ilianza 2012 na tukaishangilia, lakini huku waliendelea kuongeza njia kila watu walipoongezeka. Hapo ndipo tulipozidiwa.

Jengo mnaloliona ni la mwaka 1961, lilikuja na umeme wa treni za kwenda Southend. Angalieni paa lile, zege lenye mikunjo linachomoza mbele, chini yake vioo virefu. Limesimama juu ya daraja la barabara, treni zinapita chini ya miguu yako. Tangu 1995 limeorodheshwa kama jengo la kihistoria, mtu haruhusiwi kulibomoa hovyo. Mimi nalipenda, na sioni aibu kulipenda jengo la abiria wa kawaida. Kazi kubwa ya miaka ile haionekani hapa mbele. Walipanga upya reli zenyewe, wakajenga njia za kupita juu ya nyingine, ili abiria wengi wavuke jukwaa tu na kupanda treni nyingine bila kupanda ngazi.

Treni zenyewe: District inakwenda Westminster mpaka Ealing, Hammersmith na City inaanzia hapahapa kwa hiyo kiti unapata, c2c, kampuni ya treni za juu, inakufikisha Fenchurch Street katikati ya mji kwa kama dakika 15, na kurudi nyuma inakwenda Southend baharini. Hiyo c2c serikali imeichukua Julai 2025. Halafu kuna laini ya Suffragette, inazunguka kaskazini mpaka Gospel Oak bila kuingia katikati ya mji. Jina hilo wameipa 2024 kwa ajili ya wanawake waliodai kura, mmoja wao Annie Huggett aliyeishi hapa Barking na kufika miaka 103. Kwa mfuko wangu hii ndiyo laini muhimu, maana nauli inashuka usipopita kanda ya 1, yaani katikati ya mji. Ila ukibadilisha treni njiani, gusa kadi yako ya nauli kwenye kile kisanduku cha pinki, la sivyo mashine inahesabu umepita mjini.

Na nyie mnaofanya usafi na kulea wazee, nauli ya juu ni saa kumi na mbili na nusu mpaka tatu na nusu asubuhi, na saa kumi mpaka moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Gusa kadi kabla ya hapo. Usiingie kwa simu ukatoka kwa kadi, hata kama akaunti ni moja, mashine inaona watu wawili na inawatoza wote nauli ya juu kabisa. Treni za usiku kucha hazifiki huku, utapanda basi la N15, na ni refu.

Treni ikichelewa, dai nauli yako. District ikichelewa dakika 15, Suffragette dakika 30, una siku 28 za kudai. Wengi wetu hatudai kwa sababu tunaona aibu, na hela yetu inabaki kwao.

Sasa mseme naringa. Hii stesheni nailipia kwenye kodi ya nyumba. Dalali mmoja alinitaka kodi ya miezi sita mkononi kwa kuwa sikuwa na mdhamini mwenye nyumba Uingereza. Nimjue nani mimi mwenye nyumba Uingereza? Mwezi huohuo nyumbani nikaandikiwa nimesahau ndugu. Sikusahau mtu.

Kwa anayekuja, sikwambii ukae Barking. Mwenye watoto watatu na kazi ya zamu Essex vijijini, pengine gari ndilo litamfaa. Kuna nyumba mpya Barking Riverside, zimepangwa 10,800 pale palipokuwa na kituo cha umeme, na treni imefika tangu Julai 2022, lakini ni Suffragette peke yake. Ikisimama, una basi la EL1 kuja hapa. Kabla hujasaini mkataba, nenda pale saa kumi na moja alfajiri, siku ya kazi, ukapande mpaka kazini kwako. Halafu ndiyo uongee na dalali.