Nahodha wa Mtepe: Jinsi ya Kutengeneza Picha za Mhusika kwa Akili Mnemba na Michoro yenye Leseni

Assalaam aleikum, karibuni. Leo tunamtengeneza mhusika wa video ya hadithi ya watoto: Nahodha Shee, mzee wa Lamu mwenye mtepe wake, chombo cha tanga cha zamani. Sura yake tutaitoa kwenye akili mnemba (AI). Chombo na mji tutavichukua kwenye kazi za watu zenye leseni.

Kabla ya kufungua programu yoyote, shika karatasi umwandike mtu wako: umri, umbo, nguo, alichoshika mkononi. Ukiiambia mashine "nahodha Mswahili" ukanyamaza, utaletewa hiki mnachokiona hapa: kilemba kikubwa, jangwa, na ngamia kwa mbali. Ngamia Lamu, jamani! Mashine imefunzwa kwa picha za mtandaoni, na za kwetu humo ni chache, basi pengo inaliziba kwa picha za kwingine.

Sasa tazameni maelezo yangu. Mzee mwembamba wa miaka 60, ngozi nyeusi, ndevu fupi za mvi, kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, shati jeupe, kikoi cha mistari, miguu mitupu, amesimama, mwili mzima unaonekana, nyuma peupe. Kikoi kifafanulie: kitambaa cha pamba kilichozungushwa kiunoni, kinafika chini ya magoti. La sivyo atavalishwa suruali. Na hilo la nyuma peupe msiliache, maana ndilo litakalowarahisishia kumkata baadaye.

Ukipata sura uliyoipenda, ihifadhi pamoja na maelezo yake neno kwa neno. Programu ikikuonyesha namba ya mbegu, yaani namba ambayo mashine ilianzia kuchora picha hiyo, inakili pia. Kwa picha ya pili, pakia ile ya kwanza iwe kielelezo, kisha ubadilishe kitu kimoja tu: amekaa, au anacheka, au anavuta kamba. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo atakutokea mtu mwingine, labda ami yake. Hesabu vidole, maana mashine huvikosea, halafu endelea.

Chombo sikiachii mashine. Mtepe ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, na tanga lake la mkeka lilikuwa la mraba. Mashine kila nikiiomba inanichorea jahazi la tanga la pembetatu, na fundi yeyote wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo hapa Lamu, akiona hivyo atakucheka. Kwa hiyo fungua Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zenye leseni huru, tafuta "mtepe", tafuta "Lamu", bonyeza picha, kisha teremka chini usome leseni. Msiruke hapa.

Herufi CC ni za Creative Commons, leseni ambazo mwenye kazi hutoa ruhusa mapema. CC0 maana yake tumia upendavyo. CC BY, mtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, ukiibadilisha picha na kuitoa, nawe itoe kwa leseni ileile. Kwenye tovuti nyingine mtakutana na NC, isiyoruhusu biashara, na video yenye matangazo usijidanganye kwamba si biashara. ND nayo haikuruhusu kusambaza picha uliyoikata au kuipaka rangi, kwa hiyo kwa kazi yetu haifai. Picha uliyoiona tu kwenye Google haina ruhusa yoyote mpaka uipate leseni yake. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni, uiweke kwenye folda moja na picha yenyewe.

Ukinunua mchoro kwa msanii wa hapa mjini, tuseme mlango wa nakshi aliokwisha kuuchora, ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba umelipa. Hausemi umeruhusiwa kufanya nini. Andikianeni: mchoro gani, utatumika wapi, kwa muda gani, unaweza kubadilishwa au la, jina lake litaonekana wapi. Karatasi moja yatosha, mtie sahihi wote wawili.

Na nyuso za watu? Usimpige picha mzee wa watu pale gatini ukaipakia kwenye mashine ati upate sura ya nahodha. Muombe kwanza, umweleze inakwenda wapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwapo, hapa sote twajuana.

Kuunganisha ni kazi nyepesi. Fungua Krita au GIMP, programu za kuchora na kuhariri picha, zote ni za bure. Mji tabaka la chini, mtepe juu yake, nahodha juu kabisa. Mwanga utoke upande mmoja kwa vyote vitatu. Kamba za mshono na mikunjo ya kikoi napaka kwa mkono wangu, na si kwa urembo tu: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili picha iliyotoka kwa mashine peke yake, ila sehemu aliyoibuni mtu inaweza kusajiliwa.

Ukipandisha video, chini yake taja kila mwenye kazi, leseni na kiungo chake. YouTube inataka utamke pale picha ya mashine inapoweza kudhaniwa ni ya kweli. Nahodha wetu ni katuni, halazimiki, lakini mimi naandika tu: "Sura ya nahodha imetengenezwa kwa akili mnemba."