Kabla ya Mlima Kuna Korongo

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua naanzia wapi. Naam, naanzia korongoni.

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga safari ya siku mbili ya kutembea milima ya Kolo. Katibu amenipa maswali: viatu gani, tulale wapi, tupande saa ngapi. Nitayajibu muda ukiruhusu, na ninavyojijua hautaruhusu.

Kolo mnaijua. Mnashika lami ya Babati, mnaipita Kondoa mjini, mnasogea kidogo, ofisi ya Mambo ya Kale hiyo hapo. Kwamba michoro ya miambani imeingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, mlishaambiwa. Mimi nataka habari ya kitu kilichopo kati ya lami na mlima. Ratiba zenu nazisoma. Zinasema "kufika Kolo", mstari unaofuata "kuanza kupanda". Jamani, mto mmeuweka wapi? Ndilo korongo lenyewe, mto wa mchanga, mpana, mnaouvuka na gari kwenda na kurudi!

Mwaka mmoja tulikwenda mwezi wa pili, watu wazima wanne na dereva. Jua linawaka, mbingu nyeupe. Tumeshuka mlimani salama, miguu inatetemeka kwa njaa, tukaona kivuli cha mgunga kimelala juu ya mchanga. Dereva akaliingiza gari pale pale korongoni. Tukatandika kanga, tukafungua karanga na mihogo. Hatua thelathini kutoka kwetu alikuwapo kijana mmoja, umri wa darasa la sita hivi, na punda wawili. Alikuwa amechimba kishimo mchangani, anachota maji kwa kopo, taratibu, anajaza madumu. Mara akasimama. Akatazama kule juu, siyo utosini kama sisi, kule juu milimani mto unakotoka. Akayafunga madumu. Akatupitia, akasema, "Shikamooni. Gari hapo halikai."

Tukamwitikia marahaba. Tukaendelea na karanga.

Kila nikiisimulia habari hii nasimama hapa, maana kosa letu ni hapa. Madumu mawili yalikuwa yanagongana ubavuni mwa punda, matupu. Mtu katembea kutafuta maji, kayapata, halafu anaondoka hajajaza. Watu wanne wenye vyeti hatukujiuliza kwa nini!

Hazikupita dakika ishirini. Tulisikia kama lori linamwaga kokoto nyuma ya kona. Kilichotangulia si maji, ni takataka: mabua, matawi, kandambili moja ya bluu, na povu la rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake ndiyo maji, ya goti, kisha ya kiuno. Juu ya vichwa vyetu halikudondoka tone hata moja. Tulikimbilia ukingoni na kanga. Gari likabaki na chakula, mablanketi na simu ya dereva. Asubuhi mchanga umefika kwenye vitasa. Waliolitoa ni wanakijiji kwa majembe na maksai, na yule kijana alikuwapo. Hakusema kitu. Mimi ningesema.

Sasa kuna mtu anawaza, "Huyu mzee anatutisha, sisi tunakwenda Julai." Vizuri. Julai haina mafuriko, mvua zetu zinakatika kufika Mei. Lakini Julai mchanga umekauka ndio unaokula gari. Punguzeni upepo wa tairi kabla ya kuingia, si baada ya kuzama, na msisimame katikati kupiga picha. Na hewa ya huku inawakausha bila nyinyi kuona jasho. Lita nne kwa mtu kwa siku. Msiniambie chupa moja na "tutanunua mbele." Mbele hakuna duka, kuna nyani.

Mwingine anauliza mbona makorongo ya Kondoa ni makubwa hivyo. Wazee hapa wanaikumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973. Ardhi ilikuwa imechanika kiasi kwamba mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Miti ikarudi, nyasi zikarudi. Lakini ule mchanga uliokwisha kushuka kutoka vilimani haujarudi juu, ndio huo mnaoupigia picha. Habari hiyo ni mhadhara mwingine, na... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Haraka haraka. Kibali na mwongozaji mnachukua pale ofisini Kolo, msipande kienyeji. Ondokeni Dodoma alfajiri, saa kumi na moja, mpande kabla jua halijakaa sawa. Kupanda Mungomi wa Kolo, penye michoro yenyewe, ni kufupi lakini kumesimama, na mkifika, geukeni mtazame nchi inavyoanguka kuelekea nyika ya Wamasai. Wengi huinama kwenye simu. Michoro haimwagiwi maji ili ing'ae, haiguswi. Mahali pale watu bado wanafanyia matambiko, mkikuta kitu kimewekwa, kiacheni. Viatu: vyovyote vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Nyuki... nyuki mwulizeni mwongozaji.

La kulala mtamwuliza katibu, yeye ndiye mwenye namba za nyumba za wageni Kondoa.

Karatasi ya kujiandikisha inapita. Wenye magari, pembeni ya namba ya gari andikeni mmebeba chepe ngapi. Atakayeandika sifuri namfuta. Haya, mama pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.