Kupima theluji inavyoisaidia kuvumwani ya jangwani

Karibuni watazamaji. Kipande hiki kilichomo kiganjani mwangu nimekiokota pembeni ya njia, tayari kimevunjika. Ni cheusi na kikavu, utadhani masizi. Sasa nadondosha tone moja la maji. Tazameni majani: yanafunguka, yanageuka kijani, na hata dakika haijaisha!

Hii ni kuvumwani ya jangwani, Syntrichia caninervis, mmea mdogo unaotanda juu ya mchanga wa jangwa la Gurbantunggut, kaskazini magharibi mwa China. Haina mizizi ya kunyonya maji. Hunywa kwa majani yenyewe. Leo tutapima theluji ya kipupwe inaifanyia nini.

Anza Novemba, kabla theluji haijaanguka. Tafuta bonde kati ya matuta ya mchanga, mahali ambapo ganda la udongo, yaani tabaka la juu lililoshikwa na kuvumwani, halijakanyagwa. Weka ubao, utembee juu yake. Tafadhali usiupuuze ubao, maana unyayo mmoja huacha jeraha la miaka. Pima miraba mitatu ya nusu mita kila upande, piga vigingi, kisha kila mraba uwekee kipimajoto kinachojirekodi. Kilaze usawa wa majani, kwa sababu joto la hewa kifuani pako si joto linaloifikia kuvumwani.

Kila theluji ikianguka, mraba wa kwanza ufagie kwa brashi laini, ukibakiza sentimita moja au mbili ili usilikwaruze ganda. Wa pili usiuguse. Theluji uliyofagia imwage taratibu juu ya wa tatu.

Baridi peke yake haiitishi kuvumwani hii. Mwaka 2024 wanasayansi wa China walieleza kwamba mimea iliyohifadhiwa miaka 5 kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ilichipua tena. Kinachoichosha ni kulowa kwa muda mfupi. Kila inapolowa, kwanza hutumia akiba yake ya chakula kurekebisha seli, ndipo usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, uanze kuirudisha akiba hiyo. Ikikauka mapema, imekula hasara. Theluji nene huifunika kuvumwani kama blanketi, isigande na kuyeyuka kila siku, halafu theluji hiyo ikianza kuyeyuka huinywesha kwa siku nyingi mfululizo. Theluji ikipungua, vyote viwili hupungua.

Kwa hiyo mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka, usikose hata siku moja. Kila asubuhi gusa kila mraba kwa ncha ya kidole, uandike daftarini: mbichi au kavu. Kwangu mimi hesabu hii ya siku za ubichi ndiyo moyo wa kazi nzima, kuliko hata vipimajoto.

Ganda likikauka kabisa, chukua vichipukizi kumi tu kila mraba, uvidondoshee maji vifunguke, uvitazame kwa lenzi. Utaona unywele mweupe kwenye ncha ya kila jani. Ndio unaonasa umande na ukungu. Shuka chini yake, upime kwa rula urefu wa sehemu iliyo kijani, ukilinganisha mraba uliofagiwa na ule ulioongezewa.

Seti moja ya miraba haitoshi, tengeneza angalau tano. Kipupwe kimoja nacho kinaweza kukudanganya. Msimu ukiisha ondoa ubao, lakini vigingi viache hapo hapo, Novemba utavihitaji.